Onja kwanza, ekari baadaye



Msimu huu swali ninaloulizwa sana hapa Getanuwas si la mbegu ya mahindi wala la viwavijeshi. Ni zabibu. Kijana ameuza dengu au vitunguu vyake vizuri, amepita Dodoma akaona mizabibu pembeni mwa barabara, au ametumiwa video ya mtu amesimama katikati ya shamba anataja mamilioni kwa ekari. Basi anakuja: "Afisa, zabibu zinakubali huku kwetu?" Anataka kuanza na ekari mbili. Wengine wanasema tano.

Mimi namjibu kwa swali. Waini yenyewe umeshakunywa? Nyekundu, isiyo na sukari, tena mezani na chakula, si kwenye kitchen party? Wengi wanacheka. Mmoja aliniambia waini ni mambo ya dada zetu wa mjini. Mwingine, mlokole, alinitazama kama nimemtukana mama yake.

Msimamo wangu ni huu. Mtu asinunue nguzo wala waya wa kusimikia mizabibu kabla hajaonja kile ambacho zabibu zake zitakuja kuwa, akaonja na watu wanaonunua kwa hela zao wenyewe. Na nikiongeza la pili: nafasi iliyo wazi kwenye soko letu si ya waini tamu, wala si ya ile nzito ya bei kubwa. Ni ya waini nyekundu nyepesi, drai, ya bei ambayo mwalimu au dereva anaimudu mwisho wa mwezi, ya kunywa na nyama ya mbuzi. Hiyo karibu hakuna anayeifikiria.

Kwa nini nang'ang'ania kuonja? Kwa sababu ya mbaazi. Wa Manyara hamhitaji kukumbushwa. Mwaka 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi inazoruhusu kuingia kutoka nje, tani 200,000 kwa mwaka, na bei huku kwetu ikaanguka mpaka watu wakaona hata kuvuna ni hasara. Tulikuwa tumelima maelfu ya ekari za kitu ambacho mlaji wake mkubwa yuko ng'ambo ya bahari, na wengi wetu hatukujua anakipikaje, anapenda rangi gani, wala serikali yake inafikiria nini. Tulijua kilo na bei ya kilo, basi. Sasa naona vijana walewale, au wadogo zao, wanataka kuingia kwenye zabibu kwa mtindo uleule.

Na msiniambie kuonja ni mambo ya wazungu. Mpelekee mzee wa Kibarabaig pombe ya asali uone. Kabla hajameza vizuri atakuambia asali hii imechanganywa au haijachanganywa, pombe imewahi kutolewa au imechelewa. Mama zetu wanaopika pombe ya mtama wanajua kwa ulimi tu siku ya kuchuja. Ujuzi huo upo, ila tumeuacha kwa wazee tukadhani mkulima wa kisasa ni simu na kikokotoo.

Sasa niwaeleze waini nyekundu nyepesi ni nini, maana hapa wengi wanachanganya nyepesi na iliyotiwa maji.

Chukua zabibu nyekundu au nyeusi, ikamulie kwenye kiganja. Juisi inayotoka, kwa aina nyingi, haina rangi. Rangi iko kwenye ganda. Ndiyo maana waini nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, na humohumo kwenye maganda na mbegu ndimo inamotoka tanini, yaani ule ukakasi unaoushika ulimi kama ndizi mbichi au chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Maganda yakikaa muda mrefu, unapata waini nzito, nyeusi, yenye ukakasi mwingi. Ukiyatoa mapema, baada ya siku chache, au ukatumia aina ya zabibu yenye ganda jembamba, unapata nyepesi: ukiinua glasi unaona vidole vyako upande wa pili, ukakasi ni kidogo, uchachu unasikika vizuri, na kilevi mara nyingi kipo kati ya asilimia 11 na 13.

Kilevi kinatoka kwenye sukari, na sukari inatoka kwako wewe mkulima. Inapimwa kwa Brix, kwa kifaa kidogo kinaitwa refraktomita. Unadondosha tone la juisi, unachungulia kwenye mwanga. Zabibu yenye Brix 20 itakupa kilevi cha asilimia 11 na nusu hivi. Ukiiacha mtini mpaka Brix 24, unakwenda karibu asilimia 14, na kwenye joto kama la Dodoma huo uchachu unaoifanya waini iamke mdomoni unakuwa umeshapungua. Kwa hiyo nyepesi haianzii kiwandani. Inaanza siku ile unayoamua kuingia shambani na mkasi.

Kuna kisa kimoja cha Ufaransa ambacho nakipenda kwa sababu ni cha kilimo kabisa. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe, aliamuru zabibu inayoitwa Gamay ing'olewe katika eneo lake. Ilikuwa inazaa sana, wakulima waliipenda, yeye akaona inaharibu jina la waini ya kwao. Gamay ikabaki kusini mwa pale, kwenye vilima vya Beaujolais vyenye udongo wa mawe ya matale, na huko ikakubali kuliko ilikotoka. Leo Beaujolais ni jina linalotajwa dunia nzima ikizungumzwa nyekundu nyepesi. Tena kuna aina yao moja, zabibu zinavunwa kama Septemba na chupa ziko dukani Alhamisi ya tatu ya Novemba mwaka uleule. Hebu fikiria kama mfanyabiashara: miezi miwili, mitatu, hela imerudi. Waini nzito inataka mapipa ya mwaloni, ghala, na mwaka au zaidi ya kusubiri. Nani kati yenu ana mtaji wa kukaa miaka miwili anaangalia pipa?

Afrika Kusini nao wana Cinsault, zabibu iliyokuwa ya kujazia mapipa ya waini rahisi, watu wakiidharau, na leo kuna watengenezaji wanaotafuta mashamba ya zamani ya aina hiyo hiyo ili watoe nyekundu nyepesi inayoheshimika. Pinotage yao maarufu ni mtoto wa Cinsault na Pinot Noir. Profesa Abraham Izak Perold aliichavusha mwaka 1925 kule Stellenbosch.

Turudi mezani. Jumamosi moja ya Julai, baridi ya huku mnaijua, tulikaa watu sita nyumbani kwangu: mwalimu wa sekondari, nesi, dereva wa fuso, mkulima wa ngano, dada mmoja mwenye duka la mitumba Katesh, na mimi. Sharti lilikuwa chupa isizidi shilingi 25,000, na kila mtu achangie, maana kitu cha bure hakina mkosoaji. Tulipata chupa tano. Mbili nyekundu drai za Dodoma, moja tamu ya Dodoma, moja tamu ya Afrika Kusini, na moja drai nzito ya hukohuko Afrika Kusini. Nilizifunga zote kwenye magazeti, nikaandika namba. Hapa msinizoee, majina ya chupa sitayataja, maana sitaki kesi na sitaki kufanyia mtu matangazo.

Friji sina. Nilitumbukiza chupa kwenye ndoo ya maji nje kuanzia saa kumi na moja jioni. Watu wanakuambia nyekundu inywewe bila kupoozwa, ila hiyo "joto la chumba" wanayoisema ni ya vyumba vya Ulaya zamani, si ya chumba chenye bati cha saa nane mchana. Nyepesi inapendeza ikiwa baridi kidogo, nyuzi 12 mpaka 14. Ikipata joto, kilevi kinapanda puani na utamu wa tunda unapotea. Kama una friji, nusu saa inatosha.

Raundi ya kwanza tulionja bila chakula, vidole viwili tu kwenye glasi. Matokeo hayakumshangaza mtu: tamu zikashinda. Ile ya Afrika Kusini ikapata kura nne kati ya sita. Drai za Dodoma ziliambiwa "inakwaruza", "kama dawa", na mkulima wa ngano akasema namba tatu ni juisi iliyosahauliwa chini ya kitanda. Kama ningeishia pale, ningewaandikia leo kwamba Watanzania wanataka sukari, jambo ambalo kila mtu analisema.

Kisha ikaja mbuzi ya kuchoma, ugali, kachumbari yenye pilipili na ndimu, maharage, na mlenda ambao nesi aliuleta akisema hali bila mlenda. Raundi ya pili nikawaambia hakuna kupiga kura, kila mtu ajimiminie anachotaka, na chupa zibaki zimefungwa. Nikawa nahesabu.

Ndani ya saa moja namba mbili ilikwisha. Ilikuwa ni mojawapo ya drai za Dodoma, ile nyepesi zaidi, yenye rangi ya maji ya rozela. Dereva, ambaye awali aliipa alama ya chini kuliko zote, ndiye aliyemalizia, akasema, "Hii inapitisha nyama." Sijasikia maelezo bora. Mafuta ya mbuzi yanakaa ulimini, uchachu unayasafisha, unatamani kipande kingine. Tamu ya Afrika Kusini ilibaki zaidi ya nusu. Dada wa mitumba alisema ukinywa ile na kachumbari ni kama kula keki na kitunguu. Nzito ilibaki robo tatu, watu waliiheshimu kwa mbali. Na namba tatu, ile ya chini ya kitanda, kusema kweli mkulima wa ngano alikuwa sahihi: ilikuwa na harufu ya siki. Chupa ile ilikaa kwenye kioo cha duka juani, sijui miezi mingapi. Ukinunua waini, nunua duka ambalo chupa ziko kivulini, na kama mwenye duka amezipanga dirishani kama urembo, mwachie urembo wake.

Mlenda uliishinda waini zote tano. Hapo sina ushauri.

Watu sita si utafiti, hilo najua. Lakini kuna jambo pale ambalo fomu ya dodoso haitakuonyesha: kura ya mdomo mtupu na kura ya mdomo wenye nyama hazifanani, na chupa inayonunuliwa mara ya pili ni ile iliyokwisha, si ile iliyosifiwa. Anayetaka kuuza waini ya kunywa bila chakula atashindana na Dompo na tamu za Afrika Kusini, ambazo zimeshajenga jina, na atashindana pia na bia na soda. Anayetaka kuuza waini ya chakula anaingia kwenye uwanja wenye watu wachache. Nchi hii inachoma nyama kila jioni kuanzia Namanga mpaka Tunduma, na pembeni ya nyama kuna bia na soda tu.

Sasa hesabu, kwa wale wa kikokotoo.

Chupa ya kawaida ni mililita 750. Inahitaji zabibu kilo moja na kidogo. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 2, ekari inabeba mizabibu kama 670. Tuseme kila mzabibu umekupa kilo 5 kwa mavuno, na sijasema mingi. Una zaidi ya kilo 3,300 mkononi. Hizo ni karibu chupa elfu tatu. Kwa ekari moja, kwa mavuno moja, na Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka. Jiulize: unawajua watu wangapi watakaokunywa chupa elfu tatu? Mimi mezani kwangu nilikuwa na sita, na walishindwa kumaliza tano.

Ndiyo maana kilio cha Dodoma karibu kila mara ni soko. Zabibu haisubiri. Si kama ndizi kwamba ukiikata mbichi itaivia ghalani. Zabibu ikikatwa imekatwa, kuanzia hapo ni kushuka tu. Viwanda vikijaa wakati wa msimu, mzigo unaozea shambani au unauzwa kwa bei ya huruma. Wengine wamejiokoa kwa kukamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa watengenezaji, hilo ni jambo zuri, ila linataka matangi, usafi, na mtu anayejua anachofanya. Na sisi wa Hanang tuongeze kwamba kutoka Katesh mpaka Dodoma ni zaidi ya kilomita 300. Weka zabibu mbivu kwenye fuso saa sita mchana uone zitafika zikiwa nini.

Serikali nayo imeweka mkono. Kwenye ushuru wa bidhaa, waini ambayo zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za ndani inatozwa kidogo kuliko ile ya zabibu za nje. Mnaona basi kwamba chupa ya Dodoma inaweza kuwa rahisi bila kuwa mbaya. Hiyo ni nafasi kubwa ya bei, na naona inapotea, kwa sababu bado tunaitumia kutengeneza tamu ya kuiga au nzito ya kujionyesha.

Na hapa nina ugomvi kidogo na namna mkulima anavyolipwa. Ukilipwa kwa kilo tupu, bila mtu kuangalia sukari wala uchachu, utafanya nini? Utamwagilia mpaka siku ya mwisho, tunda lijae maji, mzani upande. Ungekuwa mjinga usipofanya hivyo. Lakini waini itakayotoka ni nyepesi kwa maana mbaya, ile ya maji. Wakulima wa shayiri wa ukanda huu mnalijua hili vizuri: shayiri ya kimea protini ikizidi, mzigo unakataliwa hata kama punje ni nzuri kwa macho. Hakuna anayelalamika kwamba ni uonevu, ni biashara. Zabibu iende hivyohivyo. Mkataba uandike aina ya zabibu, Brix kuanzia ngapi mpaka ngapi, siku ya kuvuna, na bei ya juu kwa anayefikisha. Kijana anayeenda kujadiliana mkataba wa namna hiyo bila kuonja hata chupa moja ya mnunuzi wake atasaini chochote atakachowekewa.

Wasiokunywa kwa imani au kwa afya, sijawasahau. Sikuambii unywe. Sukari na uchachu vinaonjeka kwenye juisi na kwenye zabibu yenyewe, na kama una mwenza wa biashara anayekunywa, mpe yeye glasi wewe shika daftari. Kwenye meza yetu nesi alikuwa zamu ya usiku, alionja kwa kijiko tu, na maelezo yake ndiyo yaliyokuwa bora kuliko ya wote. Anayeendesha bodaboda asiguse, hilo halina mjadala.

Basi, zabibu zinakubali huku kwetu? Inategemea unasimama wapi. Mzabibu unapenda jua, kiangazi kirefu, na udongo unaopitisha maji. Kwenye mbuga nyeusi inayotuamisha maji Machi nzima, sahau, mizizi itakosa hewa. Kwenye miinuko yenye kichanga au changarawe, unaweza kujaribu. Mvua zetu ndizo zinazonipa wasiwasi. Majani yakikaa na unyevu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya vinaingia, na mtu asiyejua kupogolea ili hewa ipite atamaliza hela yote kwenye dawa. Mavuno ya kiangazi ndiyo salama zaidi, lakini hayo yanataka maji ya kumwagilia kwa matone. Huna kisima wala bwawa, huna mavuno ya kiangazi.

Kwa hiyo anza na mizabibu 30. Si ekari mbili, ni mizabibu 30 nyuma ya nyumba. Vikonyo vichukue kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, Dodoma, ambako wanazijua aina na wanazitunza. Usichukue kwa rafiki wa rafiki, maana utaleta ugonjwa pamoja na jina la uongo. Chukua Makutupora Red, ambayo ndiyo nyekundu iliyozoeleka zaidi Dodoma, na ukipata Syrah weka mistari michache uone tofauti. Mwaka wa kwanza jenga mti, usitamani tunda. Baada ya hapo ukipogoa, hesabu miezi minne hivi mpaka kuvuna. Nunua refraktomita, changeni watu watano mkishindwa, anza kupima matunda yakianza kubadilika rangi, na uonje kila unapopima. Andika namba, halafu pembeni yake andika ulimi umesikia nini. Baada ya misimu miwili utakuwa na daftari ambalo hakuna video itakayokupa.

Ukitaka kuchachusha ndoo moja kwa ajili ya kujifunza na kunywa na nduguzo, fanya kwa usafi. Kuuza bila alama ya TBS na leseni ya vileo ni kujitafutia kesi, na mimi sitakuja kukuwekea dhamana.

Mwezi wa nane, Dodoma wakiwa kwenye mavuno, nataka twende Makutupora siku mbili. Noah inabeba saba, kila mtu nauli yake na chakula chake. Nafasi nitawapa wale watakaokuja kwangu na karatasi yenye maelezo ya chupa mbili walizoonja na chakula: rangi, uchachu, ukakasi, bei, na ipi ilikwisha kwanza. Wasiokunywa walete ya juisi mbili. Karatasi zenye neno "tamu" peke yake nitazirudisha.